Kunguru ndani ya mwezi: tunasomaje mashairi ya alkemia ya ndani ya Kidao? (Uzi mrefu)

Mwana Mafumbo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mwingine humu kuna mtu alibandika shairi la Kichina lenye risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), zebaki, joka, na mtoto mchanga anayetungwa tumboni mwa mzee wa kiume, akaomba ufafanuzi. Majibu yakaja ya aina mbili. La kwanza: "hao jamaa walikuwa wanavuta nini?" La pili: "risasi ni nguvu, zebaki ni akili, joka ni hiki, simbamarara ni kile, kazi kwisha." La kwanza ni utani, tuliache. La pili ndilo lililonifungulisha uzi, maana ndilo linalopoteza wengi. Mtu anashika orodha, picha upande huu, maana upande ule, anadhani kalifumbua shairi, kumbe hajaligusa.

Historia kwa kifupi. Wadao wa zamani (wafuasi wa Dao, dini na falsafa ya kale ya Kichina) walikuwa na alkemia ya nje, ya tanuri na chungu halisi: risasi, salfa, na lile jiwe jekundu linalotoa zebaki likichomwa. Walikuwa wakitafuta kidonge cha kutokufa. Watu walikufa kwa kukitafuta, wakiwemo wafalme. Katika nasaba ya Tang, Wuzong (846) na Xuanzong (859) wanatajwa miongoni mwa waliomalizwa na vidonge hivyo. Taratibu, na hasa kufikia zama za Song (nasaba iliyokuja baadaye), wengi wakahamishia kazi yote ndani ya mwili: tanuri likawa chini ya kitovu, moto ukawa pumzi na nia. Msamiati wa tanurini ulibaki, ndiyo maana mashairi yao yanasikika kama maelekezo ya mhunzi.

Mkubwa wa mashairi haya ni Zhang Boduan, mtu wa Tiantai, Zhejiang, aliyefariki 1082. Mwenyewe anasema alipata mafundisho Chengdu mwaka 1069, na dibaji ya kitabu chake, Wuzhen pian, ina tarehe ya 1075. Kabla hujasoma hata mstari, mpangilio wenyewe ni fumbo. Mashairi 16 ya mistari minane, kwa kuwa ratili ya Kichina ilikuwa na wakia 16, nusu yake yin (upande wa kike, wa giza) na nusu yang (upande wa kiume, wa mwanga). Mafupi 64, sawa na michoro 64 ya Yijing, kile kitabu chao cha mabadiliko. Moja la peke yake, kwa ajili ya Umoja Mkuu. Na nyimbo 12 kwa miezi 12.

Sasa tuingie kazini. Shairi fupi hili ndilo ufunguo wangu wa yote (tafsiri ni yangu, vumilieni):

*Chukua kilicho kizima katikati ya Kan,*
*kibadilishe nacho kilicho yin tumboni mwa kasri la Li.*
*Kutoka hapo unageuka mwili imara wa Qian;*
*kujificha au kuruka juu, yote shauri la moyo.*

Kan na Li ni michoro ya mistari mitatu mitatu. Kan ☵ ni maji: mstari mzima umebanwa na miwili iliyokatika. Li ☲ ni moto: mstari uliokatika umebanwa na miwili mizima. Mstari mzima ni yang, uliokatika ni yin. Chukueni karatasi mchore. Ng'oa mstari wa katikati wa Kan, upeleke katikati ya Li. Li inakuwa ☰, mizima mitupu, ndiyo Qian, mbingu. Kan inabaki ☷, iliyokatika mitupu, ndiyo Kun, ardhi. Hilo ndilo tendo lote la alkemia ya ndani, na limechorwa kwa mistari sita.

Mstari wa mwisho una deni kwa Yijing: katika mchoro wa Qian, joka hujificha kwenye mstari wa kwanza, hurukaruka juu ya kina kwenye wa nne, na kwenye wa tano lipo angani. Katika shairi hili Zhang hakulitaja joka popote. Anamtegemea msomaji alione mwenyewe.

Tuliza vichwa kwanza. Naendelea baadaye.

Kobe Mwendo

Siti ya mbele kabisa. Madini haya, mkuu.

Mchimbaji wa Nyarugusu

Mkuu, hapo kwenye zebaki umenigusa. Sisi huku Geita tunaishi nayo. Unaichanganya na mchanga wa dhahabu, inaidaka dhahabu, unakamua kwenye kitambaa linabaki donge la kijivu. Ukilichoma, zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Na moshi ule ni sumu, vijana wanauvuta hivi hivi bila habari. Swali langu: hao Wachina zebaki waliipa maana ya akili kwa nini? Mbona mimi naiona ni kitu cha mikono tu?

Mwana Mafumbo

Mchimbaji, umeshajijibu bila kujua. Umesema "inaruka". Zebaki ikipata moto haikai. Ikimwagika inagawanyika vitone vinavyokimbizana, huwezi kuibana na kidole. Walioiona tanurini karne na karne walipotafuta jina la ile roho ya utambuzi inayotoka nje kila jicho likiona na kila sikio likisikia, jina lilikuwa tayari mikononi mwao. Risasi ni nzito, imetulia, inazama. Kwa hiyo "risasi ya kweli hutuliza zebaki ya kweli" ni sentensi iliyoanzia tanurini, kwenye kuchanganya metali.

Lakini angalieni neno "kweli". Zebaki ya kweli ni ule mstari uliokatika *ndani* ya Li. Risasi ya kweli ni ule mzima *ndani* ya Kan. Hazitajwi kwa sababu ya ganda lao, zinatajwa kwa sababu ya kilichomo. Hapa ndipo orodha inapovunjika: ukiandika "maji = yin" umepatia kuhusu ganda na umekosa kiini, kwa maana kinachotafutwa majini ni yang. Swali la kwanza la msomaji ni *nini kimo ndani ya nini*. La pili ni *kinaelekea wapi*. Mengine yote yanafuata.

Mfano. Kwa kawaida ya Kichina, mti huzaa moto, na metali huzaa maji. Joka ni la mti, mashariki. Simbamarara ni wa metali, magharibi. Kuna msemo wa kale wa watu hawa: joka hutoka motoni, simbamarara huzaliwa majini. Mtoto kamzaa mzazi! Aliye na orodha atasema kuna kosa la uchapaji. Anayeuliza mwelekeo ataona mara moja: njia ya kawaida inashuka, inazaa watu, inachakaa, inakufa. Hawa wanarudi juu kinyumenyume, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi.

Na kuhusu orodha, Zhang mwenyewe kamaliza ubishi:

*Katika michoro ziliwekwa picha kuonyesha umbo la jambo;*
*ukiipata picha sahau maneno, maana itajieleza.*
*Wapotevu wa zama za baadaye wameng'ang'ania picha tu,*
*wanafanya mazoezi ya pumzi za michoro wakitumaini kupaa.*

Ticha wa Hesabu

Nimechora. Kweli inakubali. Ila niulize, mbona nimeona shairi lao jingine limejaa namba tupu, tatu, tano, moja? Nalo ni mambo ya ndani ya mwili?

Mwana Mafumbo

Ticha, hilo ni la wewe kabisa. Ni la 14 katika yale 16. Linasema: tatu, tano, moja, maneno matatu tu, na waliyoyaelewa tangu kale ni wachache. Mashariki tatu, kusini mbili, jumla tano. Kaskazini moja, magharibi nne, jumla tano. Katikati ardhi ina tano yake yenyewe. *Familia tatu zikionana, mtoto hutungwa.*

Mti 3 na moto 2 ni nyumba moja. Maji 1 na metali 4 ni nyumba ya pili. Ardhi 5 ni nyumba ya tatu, nayo mashairini huitwa Bibi wa Njano, mshenga anayewakutanisha wawili wasioweza kukutana wenyewe. Ndiyo nia, ile ya kukusudia. Tano tatu zinakuwa moja. Yule mtoto tumboni mwa mzee aliyewachekesha watu kule kwenye uzi mwingine ndiye huyu: hesabu imekubali, akazaliwa.

Bi Tausi

Nimesoma kimyakimya muda wote. Kila unayemtaja ni mwanamume mwenye ndevu. Wanawake hawakuandika? Au sisi tanuri letu halina moto?

Mwana Mafumbo

Shikamoo Bi Tausi. Waliandika, na shairi ninalolipenda kuliko yote linabeba jina la mwanamke.

Sun Bu'er (1119–1182), wa Ninghai, Shandong. Mume wake Ma Yu na yeye mwenyewe walimfuata Wang Chongyang, mwanzilishi wa Quanzhen, tawi la Kidao la kitawa, na wote wawili wakahesabiwa katika wale Wakamilifu Saba, wanafunzi wake wakuu. Yeye ndiye mwanamke pekee. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto alipoingia utawani. Kuna mashairi 14 ya mafunzo ya wanawake yenye jina lake, hatua kwa hatua. Wasomi wengi wanaona ni ya zama za baadaye sana, aliandikiwa. Mimi nasema aliyeyaandika, yeyote yule, alikuwa fundi. Katika karne ya 20 Chen Yingning (1880–1969) aliyaandikia ufafanuzi, ndipo yakasomwa na wengi.

La nne linaitwa "Kumchinja joka":

*Utulivu ukifika ukomo huzaa mwendo,*
*yin na yang hufinyangana.*
*Katika upepo mkamate simbamarara wa jedi,*
*ndani ya mwezi mshike kunguru wa dhahabu.*
*Kaza macho majira mivuke inapochanganyika,*
*weka moyoni njia ya kwenda na njia ya kurudi.*
*Pale daraja la ndege linapovukwa tena,*
*pumzi ya kidonge hurejea tanurini.*

(Jedi ni lile jiwe la kijani au jeupe Wachina wanalolithamini.)

Someni tena. Joka yuko wapi? Hayupo! Kichwa kinasema anachinjwa, mistari minane inapita, hatumwoni. "Joka jekundu" ni jina la staha la hedhi, na katika alkemia ya wanawake hatua ya mwanzo ni damu hiyo kukoma kwa mazoezi. Mtunzi kaiweka kichwani kisha hairudii tena. Anaonyesha tendo linalofanya joka likose cha kula.

Kunguru wa dhahabu, mwenye miguu mitatu, kila mtoto wa Kichina anajua anakaa ndani ya jua. Mwezini anakaa sungura. Sasa kwa nini kunguru anashikwa mwezini? Chukueni karatasi ile ile ya Kan: yang imefungwa ndani ya yin. Ni mstari ule ule mzima wa Zhang, safari hii una mabawa. Na simbamarara katika upepo? Yijing inasema mawingu humfuata joka, upepo humfuata simbamarara. Upepo ni nyayo zake, na kwa mtu aliyeketi, upepo ni pumzi. Ukiifuata pumzi utamkuta.

Mstari wa sita ndio usukani wa shairi lote: njia ya kwenda, njia ya kurudi. Ya kwenda inashuka na kutoka nje: mimba, damu, uzee. Ya kurudi inapanda uti wa mgongo. Na lile daraja ni la hadithi ya mapenzi: Mchunga Ng'ombe na Mfumaji, wametengwa na mto wa nyota, na mara moja kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa saba, ndege wa jamii ya kunguru hujipanga kuwa daraja ili wakutane. Mwilini kuna sehemu mbili mkondo unakokatika, moja chini karibu na kifandugu, nyingine juu kati ya pua na kinywa, na zote mbili zinaitwa daraja la ndege. Nalisoma "linapovukwa tena" hivi: umevuka la chini ukapanda, sasa unavuka la juu ushuke. Hapo mzunguko umefunga.

Mkitaka kuyaona kwa macho, tafuteni picha ya nakshi ya jiwe iliyoko hekalu la Baiyun guan, Beijing, ya mwaka 1886. Mwili umechorwa kama bonde: mvulana na msichana wanakanyaga gurudumu la maji, maji yanapanda mlima badala ya kushuka, kuna ng'ombe analima, na Mfumaji ameketi na gurudumu lake la nyuzi. Ukishalisoma shairi, jiwe lile halikuchanganyi tena.

Bi Tausi

Marahaba, mwanangu. Hapo kwa Mfumaji nimependa. Lakini hedhi kukoma kwa mazoezi ndiyo kitu cha kushangilia? Mimi ikinikoma kabla ya wakati nakwenda hospitali.

Mwana Mafumbo

Nenda hospitali, mama, bila kusita. Humu tunasoma mashairi, hatugawi dawa.

Kobe Mwendo

Ninachojiuliza, kama jambo lenyewe ni mistari sita kwenye karatasi, si wangeandika tu? Kwa nini kunguru, sungura, bibi, daraja, mzunguko wote huu? Au walitaka waonekane wanajua?

Mwana Mafumbo

Wengine ndiyo, sitakataa. Kuna mashairi ya baadaye ambayo ni kunguru na sungura tu wamerundikwa, hakuna kilicho ndani ya kingine wala kinachokwenda popote. Hayo hayahitaji kufumbuliwa, yanahitaji kuachwa.

Zhang ana sababu mbili. Ya kwanza anaitoa katika maneno ya mwisho ya kitabu: aliwafundisha wasiostahili mara tatu, na mara zote tatu akapatwa na balaa, kila moja ndani ya siku ishirini. Akaona bora aandike, atakayeandikiwa kuelewa aelewe mwenyewe. Ya pili ni hii:

*Maandiko na nyimbo hueleza ukweli hadi kina,*
*lakini majira ya moto hayakuandikwa.*
*Ukitaka siri ya mdomo, pale inapopenya,*
*kaa na wajuzi mjadiliane kwa makini.*

Majira ya moto maana yake lini uongeze, lini upunguze, lini uache. Hayo yalipita kinywa kwa sikio. Shairi ni kumbukumbu kwa aliyekwisha kuambiwa. Linakaririka, linabebeka kichwani. Sisi tunaosoma leo bila mwalimu tunaona chungu na viungo, moto hatuuoni. Ndiyo maana namshangaa mtu anayetoka kusoma kitabu hiki na ratiba ya mazoezi.

Haya, zamu yenu. Lifumbueni hili, la Zhang pia, halafu tuone:

*Bwana Metali ni mtoto wa nyumba ya mashariki,*
*alipelekwa kwa jirani wa magharibi akakulia huko.*
*Ukimtambua, mwite arudi nyumbani alelewe,*
*umwoze yule binti, wawe jamaa moja.*

Ticha wa Hesabu

Najaribu. Swali la kwanza, nini kimo ndani ya nini: mtoto yumo nyumba isiyo yake. Kwa hiyo yang yumo kwa yin. Ni Kan tena! Bwana Metali ni ule mstari mzima. La pili, anaelekea wapi: anarudi kwao. Binti ni ule mstari uliokatika wa Li, zebaki. Ila hapo sijui mbona wanaoana, kwenye karatasi yangu wanabadilishana nafasi.

Mwana Mafumbo

Ticha, safi sana. Kuhusu ndoa: kwenye karatasi unaona matokeo, kwenye shairi unaona tendo. Yang akirudi hamfukuzi binti, anamtuliza, kama risasi na zebaki. Angalia sasa ulichofanya. Shairi la kwanza lilikuwa la michoro mitupu, hili ni la ukoo na posa, hakuna neno hata moja linalofanana, na umeyasoma kuwa moja. Orodha isingekufikisha.

Mchimbaji wa Nyarugusu

Na huyo jirani wa magharibi ni nani? Maana mimi niliambiwa mambo haya ya Kidao mwisho wake ni chumbani tu, mwanamume na mwanamke.

Mwana Mafumbo

Mchimbaji, hapo hapo kwa jirani ndipo njia zilipogawanyika. Kuna wafafanuzi, Chen Zhixu wa zama za Yuan (nasaba iliyofuata Song) ni maarufu kati yao, waliosomwa kuwa wanamaanisha mtu wa pili: yang yako iko kwa mwenzako, ukaitwae kwake. Upande wa pili yuko Liu Yiming (1734–1821), mtawa wa tawi la Longmen aliyeishi Gansu, anayesema jirani yumo ndani yako: ni ile asili yako ya mwanzo iliyohama ulipoanza kuishi kwa tamaa na mazoea, ukaiona ya mtu mwingine. Shairi lenyewe linaruhusu masomo yote mawili, na Zhang hakufunga mlango.

Mimi niko na Liu. Sababu yangu iko kwenye shairi la kwanza kabisa nililoweka: baada ya mistari kubadilishana, kujificha na kuruka ni shauri la moyo, na moyo hapo ni mmoja. Wa chumbani watasema naisoma kitawa kwa kuwa nataka iwe ya kitawa. Mwenye hoja ya upande huo ashushe, lakini aje na mstari wa Zhang mkononi. Orodha asije nayo.